Daftari la Kungojea

Mzee mmoja wa Mkunazini alikuja ofisini kwangu asubuhi moja ya Agosti 2025 kutazama mchoro wa nyumba yake. Nyumba yenyewe ni ya ghorofa mbili, ya mawe na chokaa, na nilikuwa nimeipima chumba kwa chumba kwa muda wa wiki tatu. Nilibonyeza faili, nikamwagizia kahawa, tukaanza kungoja. Dakika nne na ushei zikapita. Mzee alimaliza kikombe chake, akaitazama skrini, akanitazama mimi, kisha akasema kwa upole: “Mwanangu, nyumba yangu ina miaka mia na zaidi, lakini naona mashine yako imechoka kuishinda.”

Maneno yale yaliniuma kwa sababu nilikuwa nikijiambia hayo hayo tangu mwanzo wa mwaka. Mimi ni mchora ramani, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuyapima majengo ya zamani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar kabla ya kukarabatiwa, kuyachora kama yalivyo, kuta zikiwa zimepinda na sakafu zimelala upande, na kumwandalia mwenye nyumba michoro atakayoihitaji anapoomba kibali. Zamani mteja alitosheka na ramani ya sakafu na sura ya mbele ya jengo. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba letu kongwe, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, wateja wangu hawataki tena kuambiwa kwamba ukuta unaonekana mzima; wanataka kuoneshwa ufa ulipo, unakoanzia na unakoelekea, pamoja na picha zake. Kwa hiyo mafaili yamenenepa mwaka hadi mwaka, na mashine imebaki ile ile: kompyuta mpakato ya ThinkPad T470, toleo la 2017, niliyoinunua mwaka 2020 ikiwa imeshatumika na mtu mwengine, yenye kumbukumbu ya muda ya gigabaiti 8 na prosesa, yaani ubongo wake, ya Intel ya kizazi cha saba.

Barazani kwetu Malindi ya hapa Unguja jambo hili lilizungumzwa jioni tatu mfululizo, kama kwamba ninaoa mke wa pili. Rafiki yangu mmoja, anayefanya kazi za matangazo ya hoteli, alikuwa na MacBook Air mpya, kompyuta ya Apple, na hakuona sababu ya mjadala kuendelea. “Yakhe, wewe unajitesa bure,” alisema. “Mashine ni jembe. Jembe likiisha, unanunua jembe.” Mwengine alisema ningoje toleo la mwakani, kwa kuwa la mwaka huu karibu litashuka bei, ushauri ambao kwa kweli unaweza kumfanya mtu angoje mpaka kufa. Nilipopita madukani, mashine mpya ambazo ningeweza kuzitumia kwa kazi yangu nilitajiwa bei zinazoanzia kama shilingi milioni 3 na laki 4. Ninayo kawaida ya kuigeuza bei ya kila kitu kuwa nyumba za kupima, na hizo zilikuwa nyumba nyingi.

Kilichonisaidia kilitokana na kazi yangu mwenyewe. Anaponijia mtu kuniambia kwamba nyumba yake inavuja, simwambii abadilishe paa. Ninapanda kwanza nikatazame maji yanaingilia wapi, maana mara nyingi doa la dari huwa mbali na tundu lenyewe. Nikajiuliza kwa nini mashine yangu nataka kuihukumu kwa doa. Nikachukua daftari la shule, nikalichora safu tatu: saa, nilichokuwa nikifanya, na muda niliongojeshwa. Kanuni ilikuwa kwamba kila kazi itakaposimama kwa zaidi ya nusu dakika bila ya hiari yangu, nitaandika. Msaidizi wangu, msichana aliyemaliza chuo miaka miwili iliyopita, aliliita daftari la kungojea na alinicheka waziwazi, nami nilimwambia naye afungue lake.

Baada ya siku 12 za kazi nilijumlisha. Nilikuwa nimengoja saa 7 na dakika 40. Kilichonishangaza ni namna muda huo ulivyogawika. Kufungua mafaili, jambo ambalo ndilo lililoniaibisha mbele ya mzee, kulikula dakika 55 tu. Saa 3 na robo ziliondoka katika kuhama, yaani kutoka kwenye mchoro kwenda kwenye picha za ufa, kutoka kwenye picha kwenda kwenye barua ya mteja, na kurudi kwenye mchoro ambao ulikuwa umeganda kama mtu aliyeamshwa usingizini. Saa 2 na nusu zilikuwa za umeme na mtandao, ambazo mashine yoyote duniani isingenirudishia. Saa moja iliyobaki ilitokea mchana, baina ya saa saba na saa tisa, mashine ilipokuwa ya moto na feni inalia.

Habari ya kuhama ilikuwa nyepesi kuieleza. Kumbukumbu ya muda ndiyo meza ambayo mashine inafanyia kazi, na diski ni kabati. Meza ikijaa, mfumo endeshi hauna budi kuvirejesha baadhi ya vitu kabatini ili upate nafasi, na kila unapoviita unakwenda kuvichukua tena; hata diski ya kasi ya SSD, ambayo nilikuwa nimeshaitia zamani, ni ya polepole mno ikilinganishwa na meza. Nilifungua dirisha linaloonesha matumizi ya mashine nikakuta kumbukumbu imefika asilimia 94, ilhali prosesa inatumika kwa asilimia 30 tu.

Hapo nusura nijidanganye. Nilitaka kuandika kwamba prosesa haina kosa, kwa kuwa asilimia 30 ni kama imekaa bure. Lakini AutoCAD, programu ninayochorea, hufanya sehemu kubwa ya kazi zake katika njia moja ya prosesa, na prosesa yangu ina viini viwili, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi, vinavyoonekana kama njia nne. Njia moja ikifanya kazi mpaka kikomo chake, jumla inaandikwa asilimia 25, na mtu asiyejua atadhani mashine imepumzika wakati imeshaelemewa. Nikajaribu tena: nikafunga kila kitu, nikafungua ile nyumba ya Mkunazini peke yake. Ilichukua dakika 2 na sekunde 10. Kwa maana hiyo karibu nusu ya aibu yangu ilikuwa ya kumbukumbu, na nusu nyengine ilikuwa ya prosesa na joto.

Nikaipeleka kwa fundi wa Mlandege, kijana mwenye mkono mwepesi. Aliufungua mfuniko wa chini, akanisogezea taa. “Kaka, hii mashine imeivuta bahari yote ndani,” akasema. Mapezi ya kupoza yalikuwa yamezibwa na vumbi lililogandana, na pembeni ya bomba la shaba palikuwa na kutu ya kijani. Ofisi yangu haifiki hatua mia mbili kutoka ufukweni, madirisha yanakaa wazi, na feni kazi yake ni kuivuta hewa ile ile yenye chumvi na unyevu kuipitisha juu ya bodi, kutwa, tangu 2020. Prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ile saa moja ya mchana niliyoiandika daftarini ilikuwa mashine inajiokoa. Fundi aliisafisha, akaweka pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, na katika moja ya nafasi mbili za kumbukumbu akachomeka kipande cha gigabaiti 16, hata jumla ikawa 24. Kusafisha shilingi 30,000, kumbukumbu shilingi 120,000.

Wiki iliyofuata nilikuwa mtu mwenye furaha. Kuhama baina ya mchoro na picha kulitoweka kabisa daftarini. Nyumba ya Mkunazini ilifunguka kwa dakika 1 na sekunde 50, picha na barua zikiwa wazi pembeni. Nilikwenda barazani kujisifu, nikaambiwa na yule mwenye MacBook kwamba nimempaka hina bibi kizee. Nilicheka, kwa sababu nilidhani kesi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Mwezi mmoja nyuma mashine ilikuwa imeanza kunionesha tangazo kwamba masasisho ya Windows 10 yatakoma tarehe 14 Oktoba 2025, nami nilikuwa nikilifunga kila linapotokea kama mtu anayemfukuza nzi. Sasa nililisoma. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka mashine yenye kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha nane, ukiacha chache za kizazi cha saba zilizosamehewa. Yangu haikuwa miongoni mwa hizo chache. Mashine niliyoitia fedha, iliyosafishwa ikanona, ilikuwa imekosa mlango kwa kizazi kimoja.

Zipo njia za kuupita mlango huo. Fundi alikuwa tayari kunitilia Windows 11 kwa kulazimisha, lakini Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyokidhi masharti haina dhamana ya kupata masasisho, na mimi ninahifadhi michoro ya nyumba za watu, milango yake, ngazi zake na mahali zilipo ofisi zenye makasha ya fedha. Sikuona ni haki niiweke kwenye mashine ambayo usalama wake ni wa kubahatisha. Linux, mfumo endeshi mwengine, ningeipenda, lakini AutoCAD haitengenezwi kwa ajili yake. Ulikuwepo pia mpango wa mwaka mmoja wa ziada wa masasisho ya usalama kwa watumiaji binafsi, mpaka Oktoba 2026, nao nilijiandikisha siku hiyo hiyo, kwa sababu ulininunulia kitu ambacho sikuwa nacho, yaani nafasi ya kuamua bila ya kukimbizwa.

Nikarejea kwenye mashine mpya, safari hii daftari likiwa mkononi. Nilianza na MacBook Air, kwa kuwa sikutaka kumdhulumu rafiki yangu. Toleo lake la M4, lililotoka Machi 2025, linaanzia kumbukumbu ya gigabaiti 16, na lina sifa moja ambayo watu wa bara hawataijali lakini mtu wa Malindi lazima aiheshimu: halina feni. Hakuna kinachoivuta bahari ndani. Nilikaa na wazo hilo kwa siku mbili nzima. Kilichoniondoa ni programu. AutoCAD ya Mac ipo, lakini haina kila kitu kilichomo katika ile ya Windows, na Revit, programu nyengine ya kuchorea majengo, ambayo msaidizi wangu ndiyo anayoitegemea, haitengenezwi kwa Mac kabisa. Ofisi ya watu wawili ambao mafaili yao hayasomani ni ofisi mbili.

Mashine mpya za Windows zilikuwa nyembamba na nzuri kuzitazama, na nyingi kati ya nilizoshika zilikuwa na kumbukumbu iliyounganishwa kwenye bodi moja kwa moja. Katika nyumba zetu za zamani upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba, na ukishajenga, upana wako ndio huo. Kumbukumbu ya kwenye bodi ni boriti. Ningelazimika kununua tangu mwanzo kiasi nitakachokihitaji mwaka 2030, kwa bei ya leo, huku nikikisia.

Betri zao pia zimefungiwa ndani, na hapa naomba nitulie kidogo. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya unaopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya ule ulipoharibika Mei 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mmoja, na ulipopata hitilafu tena Disemba 2009 tulikaa mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Nilikuwa mwanafunzi wa kazi wakati huo, na nakumbuka mwalimu wangu akipanga foleni kwa mwenye jenereta ili achaji betri mbili kwa pamoja, moja ya kutumia na moja ya akiba. Waya mpya wa megawati 100 uliozinduliwa mwaka 2013 umetupunguzia balaa hilo, na siku hizi umeme ukikatika ni wa saa, si wa miezi, lakini mazoea niliyoyapata wakati ule hayajanitoka. T470 ina betri mbili, ndogo ya ndani na nyengine ya nyuma inayochomoka, na unaweza kuitoa ya nyuma ukaweka nyengine bila ya kuzima mashine, kwa kuwa ile ya ndani inashikilia. Ninayo ya nyuma ya kawaida, na ninayo nene ya saa-wati 72 ninayokwenda nayo Pemba, ambako nikipima nyumba shamba naweza kukaa kutwa bila ya kuona tundu la umeme. Hakuna toleo jipya nililolishika lililoweza kunifanyia hivyo.

Jibu lilikuja kwa mdogo wa mashine yangu. T480, ndugu yake aliyefuata mwaka 2018, inatumia betri zile zile za nyuma na kumbukumbu za aina ile ile, nayo prosesa yake ni ya kizazi cha nane, kile ambacho Windows 11 inaanzia. Zaidi ya hayo, kizazi hicho ndicho Intel ilichokipa viini vinne pale ambapo prosesa za mashine kama yangu zilikuwa na viwili, kwa matumizi yale yale ya wati 15. Kwa hiyo nilichokihitaji hakikuwa toleo jipya bali toleo lililo juu ya langu kwa ngazi moja.

Kuitafuta kulinichosha kuliko kuiamua. Mashine hizi nyingi hutoka katika makampuni ya nje yaliyozitumia miaka mitatu au minne kisha yakaziuza kwa jumla, na anayekuuzia hapa mara nyingi hajui zaidi yako. Duka moja lilinipa iliyoandikwa gigabaiti 16 kwenye karatasi, na nilipoiwasha nikakuta 8. Muuzaji aliniambia kwamba karatasi ni ya mashine nyengine, nami sikubishana. Duka la pili lilikuwa na nzuri ya kutamanisha, ila BIOS yake, programu ya kuiwashia mashine, ilikuwa imefungwa kwa nywila ya mwenye nayo wa kwanza, na mashine ya aina hiyo ni sawa na nyumba isiyo na hati. Ya tatu niliikagua kwa saa nzima, betri, bawaba, tundu la chaja, kibodi herufi moja moja, na mwenye duka akaniletea kiti alipoona siondoki. Nikailipia shilingi 780,000. Nilikwenda nayo moja kwa moja Mlandege, fundi akakihamisha kile kipande cha gigabaiti 16 kutoka mashine ya zamani, na betri nene nikaichomeka mwenyewe.

Niseme pia nilipokosea. Nilitarajia kwamba viini vinne vitaifungua ile nyumba ya Mkunazini kwa kasi maradufu. Ilifunguka kwa dakika 1 na sekunde 35, yaani nilipata sekunde 15, kwa sababu ile ile niliyokuwa nimeshaiandika mwenyewe: programu inatumia njia moja, na njia moja ya kizazi cha nane haiipiti sana ya kizazi cha saba. Na skrini yake ni hafifu. Nikiwa nje, uani kwa mteja, jua likishapanda, nailazimisha kwa macho, na macho yangu yana miaka 41. Fedha ya skrini bora ningeitoa, lau ningeiandika daftarini. Lakini daftari langu lilirekodi kungoja tu, halikurekodi kukodoa.

Likabaki daftari la msaidizi wangu, ambalo kwa wiki kadhaa sikuliomba. Alinipa mwezi wa Septemba, limeandikwa vizuri kuliko langu. Umeme na mtandao vilikuwa karibu sawa na vyangu. Lakini yeye ndiye anayetengeneza picha za namna nyumba itakavyokuwa baada ya ukarabati, zenye mwanga na vivuli, ambazo wateja wanazipenda kuliko michoro yangu yote, na mashine yake haikuwa na kadi ya picha ya peke yake. Kila picha ilikuwa inampokonya dakika 40 hadi 70, na katika siku 12 alikuwa amengoja saa 19. Alikuwa akizianzisha jioni na kuziacha usiku, na umeme ukikatika na betri ikaisha anaanza upya asubuhi. Hakuwahi kulalamika, nami sikuwahi kuuliza, kwa sababu mashine yake ilikuwa mpya kuliko yangu na niliamini mpya haina shida.

Kwa hiyo mwisho wa yote mashine mpya ilinunuliwa, ya shilingi milioni 3 na laki 9, yenye kadi ya picha ya NVIDIA na nafasi mbili za kumbukumbu nilizohakikisha kwa macho yangu kabla ya kulipa. Ipo kwenye meza yake. Wateja wakiingia humwendea yeye kwanza wakidhani ndiye mwenye ofisi, na yule mzee wa Mkunazini, alipokuja kuchukua michoro yake, alimwambia: “Bosi wako anakuogopa, siyo?”

Daftari tumeliendeleza, moja kwa sote wawili. Ukurasa wa Novemba una mistari tisa, saba kati yake ni umeme. Wiki hii nimemwita fundi wa inveta aje apime ukuta wa kuwekea betri.